Mwalimu Aliyeachwa Akisie: Sheria za Marekani na Somo la Ubaguzi Darasani

Tarehe 7 Mei 2021 gavana wa jimbo la Oklahoma, Kevin Stitt, alitia saini sheria ambayo hadi leo hujulikana kwa namba ya mswada wake, HB 1775. Sheria hiyo inazikataza shule za umma za jimbo kuyafanya mawazo manane kuhusu rangi na jinsia kuwa sehemu ya somo lolote. Siku 24 baadaye ilitimia karne moja tangu mauaji ya Tulsa, mji wa jimbo hilo hilo, mauaji ambayo shule za Oklahoma ziliyapita kimya kwa miongo mingi. Majimbo mengine yalipitisha sheria za namna hiyo katika majira yale yale: Idaho ilitangulia mwezi Aprili, Tennessee, Texas, Iowa na New Hampshire zikafuata, na Florida ikaja mwaka 2022. Naanza na Oklahoma kwa sababu huko maneno ya sheria na tukio la historia yako katika ardhi moja, na msomaji anaweza kuyapima hayo kwa hilo.

Greenwood, mtaa wa kaskazini mwa Tulsa, ulikuwa mtaa wa Wamarekani Weusi wenye maduka, hoteli, magazeti, majumba ya sinema, madaktari na mawakili wao, katika jimbo ambalo sheria zake ziliwatenga na wazungu shuleni, garini na hata kwenye vibanda vya simu. Tarehe 30 Mei 1921 kijana Mweusi wa miaka 19, Dick Rowland, aliyekuwa akifanya kazi ya kung'arisha viatu, alituhumiwa kumshambulia msichana mzungu aliyeendesha lifti katika jengo moja la mjini. Kesho yake umati wa wazungu ulikusanyika kwenye mahakama alikozuiliwa, na wanaume Weusi, baadhi yao askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaenda huko kuhakikisha hanyongwi na umati. Risasi ikafyatuka, na vurugu zikaanza. Kufikia mchana wa tarehe 1 Juni eneo la takriban vitalu 35 lilikuwa limeteketezwa, nyumba zaidi ya 1,200 zimekuwa majivu, na maelfu ya wakazi Weusi wamekusanywa na kuwekwa chini ya ulinzi. Hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 36, lakini makadirio ya wanahistoria yanafika hadi 300. Tuhuma dhidi ya Rowland zilifutwa. Tume ya jimbo ya kuchunguza mauaji hayo iliundwa mwaka 1997 na kutoa ripoti yake mwaka 2001, wakati wengi wa walioyaona kwa macho yao walikuwa wamekwisha kufariki.

Mtoto wa miaka 14 anayesomeshwa habari hizi atauliza kwa nini, na atauliza hilo kabla ya jingine lolote. Jibu la kweli ni kwamba waliochomewa nyumba walichomewa kwa kuwa walikuwa Weusi, na waliozichoma waliungana kwa uzungu wao, wakiwa wamekulia katika jamii iliyowafundisha kwamba maisha na mali ya upande wa pili havina uzito sawa na vyao. Lifti, tuhuma na risasi ya kwanza vinaeleza saa na mahali. Haviwezi kueleza kwa nini hasira juu ya kijana mmoja iliangukia maelfu ya watu ambao kosa lao pekee lilikuwa kuishi mtaa mmoja na kufanana naye rangi. Mwalimu akiuondoa utambulisho wa makundi katika maelezo hayo, anabakiwa na mfuatano wa matukio yasiyo na chanzo, na mwanafunzi makini atatambua mara moja kwamba kuna kitu amefichwa.

Mwezi Julai 2023, katika mkutano wa hadhara mjini Norman, msimamizi mkuu wa elimu wa jimbo wakati huo, Ryan Walters, aliulizwa ni vipi somo la Tulsa halivunji sheria hiyo. Jibu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba matendo ya watu yahukumiwe, lakini isisemwe kwamba waliyatenda kwa asili ya rangi yao. Wengi walielewa kwamba anataka rangi itolewe kabisa katika simulizi, na baada ya lawama kuzidi alieleza kwamba mauaji yale yalikuwa ya kibaguzi na kwamba yafundishwe. Sina haja ya kumshikilia kwa jibu lake la kwanza. Ninachokiona kizito ni kwamba mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya sheria hiyo katika jimbo zima alihitaji majibu mawili ili kuueleza mpaka ambao mwalimu wa kawaida anatakiwa kuuona peke yake, papo hapo, mbele ya wanafunzi wanaomtazama.

Haki inataka tuyasome maneno yenyewe. Kati ya mawazo manane yaliyokatazwa, mengi ni mabaya kweli: kwamba rangi moja ni bora kuliko nyingine kwa asili yake, kwamba mtu ni mbaguzi kwa kuzaliwa tu na rangi fulani, kwamba tabia ya mtu inaamuliwa na rangi yake, kwamba mtu anabeba dhima ya makosa yaliyotendwa zamani na watu wa rangi yake. Mwalimu anayemfundisha mtoto mambo hayo kama ukweli anamdhulumu, awe mtoto huyo mzungu au Mweusi. Sheria hiyo pia inasema haizuii kufundisha yaliyomo katika viwango vya mtaala vya jimbo, na mauaji ya Tulsa yamo humo. Watetezi wake husema kwa msingi huo kwamba hofu yote imetengenezwa na wapinzani. Kwa maandishi, hoja yao ina nguvu.

Udhaifu unaanzia kwenye kipengele kinachohusu hisia. Sheria inakataza kufundisha kwamba mtu yeyote, kwa sababu ya rangi au jinsia yake, anapaswa kujisikia vibaya, kuona hatia, uchungu au namna nyingine yoyote ya dhiki ya nafsi. Mwanasheria atakuambia kwamba kilichokatazwa ni kumwambia mtoto kuwa anapaswa kujisikia hivyo, na kwamba somo linalomhuzunisha bila kumwambia hivyo halina kosa. Tofauti hiyo ni sahihi, na ofisini inaeleweka. Nyumbani haieleweki. Mzazi anamwona binti yake amerudi shuleni amenyamaza, anamuuliza kulikoni, anaambiwa kwamba leo walisoma jinsi wazungu walivyowachomea watu nyumba, na mtoto anauliza kama babu zake walikuwamo. Mzazi huyo hana njia ya kujua kama mwalimu alimwambia mtoto aone hatia au kama hatia ilikuja yenyewe, kama inavyomjia mtu yeyote mwenye moyo anaposikia habari za ukatili. Anachokijua ni kwamba kanuni za bodi ya elimu ya jimbo zinampa haki ya kuwasilisha lalamiko, na kwamba lalamiko likithibitika, leseni ya mwalimu na ithibati ya shule viko hatarini.

Bodi hiyo haikuchelewa kuonyesha uzito wa mkono wake. Mwezi Julai 2022, kwa kura nne dhidi ya mbili, iliishusha ithibati ya wilaya ya shule za Tulsa hadi daraja la onyo, kwa sababu ya mafunzo ya walimu kuhusu upendeleo usio wa makusudi, yaliyotayarishwa na kampuni ya nje, ambayo mwalimu mmoja aliyalalamikia. Adhabu hiyo ilizidi ile iliyopendekezwa na maofisa wa idara yenyewe. Wilaya ya Mustang ilipewa daraja hilo hilo kwa sababu ya zoezi moja la darasani kuhusu uonevu. Walimu wa Oklahoma walisoma habari hizo kama wafanyakazi wote wanavyosoma habari za mwenzao aliyeadhibiwa: walipima umbali kati ya alichofanya yeye na wanachofanya wao, kisha wakarudi nyuma hatua kadhaa kwa usalama.

Kurudi nyuma huko ndiko madhara makubwa ya sheria hizi yaliko, na kwa bahati mbaya hakuandikwi popote, kwa kuwa somo ambalo halikufundishwa haliachi kumbukumbu. Lakini dalili zipo. Utafiti wa taasisi ya RAND uliotolewa mwaka 2024 ulieleza kwamba asilimia 65 ya walimu wa Marekani waliohojiwa walisema wameamua wenyewe kupunguza mazungumzo ya mambo ya siasa na jamii darasani, na hata miongoni mwa wale wasiohusika na kizuizi chochote cha jimbo wala cha wilaya, zaidi ya nusu walisema hivyo hivyo. Tennessee, moja ya malalamiko ya mwanzo chini ya sheria mpya yalihusu vitabu vya darasa la pili juu ya Martin Luther King na Ruby Bridges, msichana aliyeingia shule ya wazungu mjini New Orleans mwezi Novemba 1960 akiwa na umri wa miaka sita, akisindikizwa na maofisa wa serikali kuu. Miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni kwamba kitabu kilitaja umati mkubwa wa wazungu wenye hasira. Idara ya elimu ya jimbo haikulichunguza lalamiko hilo kwa sababu lilihusu mwaka wa masomo uliokwisha, lakini umati ule ulikuwapo, ulipigwa picha, na mwandishi wa kitabu cha watoto hawezi kuutaja kwa namna nyingine akabaki mkweli.

Texas ilitoa mfano ulio mchungu zaidi. Sheria yake ya mwaka 2021 ilimtaka mwalimu anayegusa suala lenye ubishani alieleze kwa mitazamo inayopingana bila kuegemea upande. Mwezi Oktoba mwaka huo, katika wilaya ya shule ya Southlake, kiongozi mmoja wa mitaala aliwaelekeza walimu kwamba wakiwa na kitabu kuhusu mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, wawe pia na kingine chenye mtazamo wa upande wa pili. Walimu walishtuka, sauti yake iliyorekodiwa ikasambaa, na mkuu wa wilaya akaomba radhi. Mimi siamini kwamba kiongozi huyo aliyakana mauaji yale. Naamini alikuwa mtumishi aliyeogopa, akajaribu kuitii sheria kwa kadiri alivyoielewa, na hofu ikamfikisha mahali ambapo hakuna mbunge wa Texas aliyekubali kwamba alimtuma.

Nimekwisha kusema kwamba baadhi ya yaliyokatazwa ni mabaya, na sitaki kuliacha jambo hilo liwe la adabu tu. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, shule nyingi zilikimbilia kununua mafunzo ya kupinga ubaguzi, na si yote yaliyofaa kuwafikia watoto. Iliripotiwa kwamba wanafunzi wa darasa la tatu mjini Cupertino, California, walipewa zoezi la kuutaja utambulisho wao na kujipanga kwa nguvu na upendeleo walio nao katika jamii. Mtoto wa miaka minane hana upendeleo wa kukiri. Ana rafiki aliyeketi naye, na baada ya zoezi la namna hiyo anamtazama rafiki huyo kwa jicho jingine. Wazazi waliokasirika hawakuwa wote na nia ya kuficha historia, na mwandishi anayewaweka wote katika kapu moja la wabaguzi anatenda kosa lile lile analolilaani.

Zoezi la Cupertino, hata hivyo, na somo la Tulsa ni vitu viwili. Katika zoezi, mtoto mwenyewe ndiye anayeshughulikiwa: anaainishwa, anapangwa, anaambiwa yeye ni nani kwa sababu ya rangi yake. Katika somo, kinachoshughulikiwa ni tukio, na mtoto ni msomaji wake. Sheria ina kila haki ya kuingia kati mtoto anaposhughulikiwa hivyo, na kwa kweli ilikwisha kuingia zamani: Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, katika sehemu yake ya sita, inazuia shule inayopokea fedha za serikali kuu kumtendea mwanafunzi kwa ubaguzi wa rangi au asili ya taifa lake. Mzazi wa mtoto anayelazimishwa kujitangaza mkosaji kwa rangi yake angeweza kuitumia sheria hiyo. Wabunge wa majimbo wangetaka kuongeza nguvu, wangeandika kifungu kimoja kinachokataza kumpanga, kumtenga, kumwadhibu au kumpa maksi mwanafunzi kwa sababu ya rangi yake au kwa kukataa kuieleza. Hilo lingeeleweka kwa mzazi, mwalimu na hakimu kwa namna moja. Waliandika badala yake orodha ya mawazo, wakaligeuza darasa kuwa mahali ambapo maelezo ya jambo na utetezi wa jambo havitenganiki mpaka mchunguzi afike.

Utata huo ndio ulioziangusha baadhi ya sheria hizi mahakamani. Huko New Hampshire, ambako wazazi wenye harakati walitangaza mwaka 2021 zawadi ya dola 500 kwa mtu wa kwanza atakayemnasa mwalimu anayevunja sheria, jaji wa shirikisho Paul Barbadoro, aliyeteuliwa na rais wa chama cha Republican, aliibatilisha sheria ya jimbo mwezi Mei 2024 kwa kuwa haimwelezi mwalimu ni lipi hasa limekatazwa, ilhali inaweza kumnyang'anya kazi yake. Mwezi uliofuata jaji Charles Goodwin wa Oklahoma alizuia baadhi ya sehemu za HB 1775 na kuziacha nyingine zikiendelea kutumika. Mwezi huo huo wa Juni mahakama ya juu ya Oklahoma ilitupilia mbali kesi ya fidia ya manusura wa mwisho wa Tulsa, wanawake wawili waliokuwa wamevuka miaka 100. Katika siku chache, jimbo moja lilikataa dai la walionusurika na kubaki na nusu ya sheria inayomfanya mwalimu asite kueleza walinusurika nini. Washington nayo haikuleta utulivu. Amri ya rais Donald Trump ya tarehe 29 Januari 2025 kuhusu alichokiita ufundishaji wa itikadi kali shuleni, na barua ya idara ya elimu iliyofuata Februari ikitishia kukata fedha, zilizua wimbi jipya la maswali yale yale, na mahakama za shirikisho zikaizuia barua hiyo.

Florida inastahili aya yake. Tangu mwaka 1994 sheria ya jimbo hilo inazitaka shule zifundishe historia ya Wamarekani Weusi, na mwaka huo huo jimbo liliwalipa fidia manusura wa mauaji ya Rosewood ya mwaka 1923. Jimbo lenye rekodi hiyo lilipitisha mwaka 2022 sheria iliyopigiwa debe na gavana Ron DeSantis, na jaji Mark Walker akaizuia kwa upande wa vyuo vikuu mwezi Novemba mwaka huo. Kisha Julai 2023 bodi ya elimu ilipitisha viwango vipya vya historia vyenye maelezo kwamba watumwa walijipatia stadi ambazo, katika baadhi ya nyakati, ziliweza kuwafaidisha wao wenyewe. Seneta Tim Scott wa South Carolina, Mweusi na mwanachama wa Republican, alisema wazi kwamba utumwa haukuwa na upande mzuri. Mtu akiandika katika kitabu cha shule cha Tanzania kwamba watumwa wa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba walijifunza kilimo, kila msomaji wa pwani atauliza mavuno yalikuwa ya nani. Ndivyo sentensi zinavyotoka pale mwandishi wa mtaala anapokuwa na jukumu la kufundisha ukatili na wakati huo huo anatafuta namna ya kupunguza ukali wake.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kulitazama jambo hili kana kwamba ni la wengine. Somo la utumwa Zanzibar hufundishwa mbele ya watoto ambao ukoo mmoja unaweza kuwa na mfanyabiashara na suria wake, aliyenunua na aliyenunuliwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, kanisa la Kianglikana likajengwa mahali pake, na majina ya koo zilizohusika bado yanaitwa katika daftari za mahudhurio. Tippu Tip alizaliwa Unguja na misafara yake ikafika Maniema, na kwa njia hizo hizo Kiswahili kikakita mizizi mashariki mwa Kongo. Mwalimu wa historia wa pwani anajua kwamba anaweza kueleza yote hayo bila kumwambia mtoto yeyote aone haya kwa jina la babu yake. Anajua pia kwamba akisema vibaya, ataamsha majeraha ya mwaka 1964. Ustadi huo hautoki kwenye orodha ya marufuku. Unatoka kwenye mafunzo, miaka ya kazi na imani ya jamii kwake.

Rwanda ndiyo nchi iliyokuwa na sababu nzito kuliko zote za kuweka sheria juu ya maneno ya darasani. Vitambulisho vya kabila vilianzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, watoto wakaandikishwa shuleni kwa kabila, na manusura wengi wameeleza jinsi walimu walivyowasimamisha Watutsi darasani wahesabiwe. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ufundishaji wa historia ya taifa ulisimamishwa, na mwaka 2008 ikapitishwa sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari. Katika matendo iliyoyataja kama dalili za itikadi hiyo yalikuwamo kudhihaki, kujigamba na kucheka msiba wa mtu. Mtoto wa chini ya miaka 12 aliweza kupelekwa kituo cha marekebisho, na mwalimu aliyempandikiza mtoto itikadi hiyo alikabiliwa na kifungo cha miaka 15 hadi 25. Nani angeweza kuwalaumu waliotaka ukali baada ya yale waliyoyaona? Hata hivyo, mwaka 2013 Rwanda yenyewe iliifanyia marekebisho sheria hiyo, ikadai nia ithibitishwe na ikashusha kifungo cha juu hadi miaka 9, kwa sababu maneno mapana yalikuwa yameweka katika hatari moja mtu anayechochea chuki na mtu anayesimulia tu. Kama nchi iliyotoka katika msiba ule iliona haja ya kuyapunguza maneno ya sheria yake, Oklahoma haina cha kujitetea kwa kuyaacha yake yalivyo.

Burundi inaonyesha upande mwingine. Wakati wa utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, kati ya mwaka 1976 na 1987, kutaja kabila hadharani kulikatazwa, na wakati huo huo jeshi na nafasi za juu viliendelea kuwa mikononi mwa Watutsi wachache. Ukimya ule haukuponya lolote. Uliwanyima waliobaguliwa maneno ya kuusemea ubaguzi wao. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulichukua njia ya kuyataja makundi waziwazi, na katiba ya mwaka 2005 ikaweka asilimia 60 ya viti vya bunge kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi. Njia hiyo ina kasoro zake, ila iliwafanya watu wazungumze kabla ya kupigana.

Watoto wa nchi hizo sasa wamo katika madarasa ya Marekani. Wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili wamepewa makazi Texas, Iowa, Tennessee na Idaho, na miongoni mwao zimo familia za Wanyamulenge zilizonusurika katika kambi ya Gatumba, Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, walikouawa watu zaidi ya 150 kwa sababu ya kabila lao. Mtoto wa familia hiyo akifundishwa Tulsa atakuwa na la kusema ambalo hakuna kitabu kilicho nalo. Atasema kwamba nyumbani kwao pia watu walichaguliwa kwa kabila. Mwalimu anayeogopa lalamiko atamshukuru na kuhamia mada nyingine. Mwalimu asiyeogopa atampa nafasi, na darasa zima, wazungu na Weusi, litaelewa kwamba jambo hili halikuanza na wala halikuishia kwa rangi mbili za Marekani.

Kwa hiyo nawaomba wazazi Waswahili wa majimbo hayo wasiwaachie wengine mjadala huu. Mikutano ya bodi za shule za wilaya iko wazi, na kwa kawaida mwananchi hupewa dakika chache za kuzungumza. Waulize kama wilaya imewaandikia walimu mwongozo unaoonyesha, kwa mifano, masomo ambayo sheria haiyazuii, na kama lalamiko la mzazi mmoja linapitiwa na mtu anayeijua historia kabla mwalimu hajaitwa kujieleza. Wasizuiwe na Kiingereza. Sehemu ya sita ya sheria ile ya mwaka 1964, inayomlinda mtoto asibaguliwe darasani, inaziwajibisha pia shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mzazi anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa maandishi, kabla ya siku ya mkutano.